Mlio wa kuthibitisha kuwa milango ya gari imefungwa: njia nne, na ipi ikufae

Indiketa zikimulika mara moja, gari limefunga. Zikimulika mara mbili, limefungua. Ndivyo magari mengi ya Kijapani yanavyomjibu mwenye rimoti. Lakini saa saba mchana, kwenye maegesho yenye jua kali, mmuliko huo hauonekani, na mtu aliyeshika mifuko miwili na mtoto hageuki kuutazama. Mlio mfupi humfikia hata akiwa ameshageuka.

Ipo pia sababu nzito zaidi ya kuutaka mlio. Wezi wa maegesho hutumia vifaa vinavyovuruga mawimbi ya rimoti. Unabonyeza, gari halisikii, milango inabaki wazi, na mwizi anachukua laptopu bila kuvunja kioo. Sikio lililozoea mlio hugundua palepale kwamba safari hii gari halikujibu.

Njia za kuupata ni nne: kuuwasha kwenye mipangilio ya gari, kuuwasha kwa programu kupitia soketi ya OBD2 (ile ya kuunganishia vifaa vya kupima gari), kufunga alamu ya dukani yenye king'ora, au kuongeza baza ndogo (kidude cha umeme kinachotoa mlio) kwenye waya wa sentro loki, mfumo unaofunga milango yote kwa pamoja. Msimamo wetu tunausema mapema: anza na mlio ambao gari limezaliwa nao. Hizo njia mbili za mwisho ni za gari lisilo na mlio wake.

Jua kwanza gari lako lina nini

Kwenye Toyota nyingi zinazotoka Japani, baza ya nje huja pamoja na ufunguo janja, ule unaokaa mfukoni na kuwasha gari kwa kitufe. Vitz, Fielder au Probox yenye ufunguo wa kawaida na vitufe viwili vya rimoti kwa kawaida humulika tu. Kama baza haipo, hakuna programu itakayoitoa hewani, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa kwa fundi anayeahidi "kuifungua kwa kompyuta".

Kipimo cha haraka kwa gari lenye ufunguo janja: funga kila kitu, simama mita tatu, bonyeza kitufe cha kufunga, sikiliza. Kisha acha mlango mmoja wa nyuma wazi na ujaribu kufunga tena kwa kitufe cha kwenye mkono wa mlango. Gari lenye baza nzima kwa kawaida hulalamika kwa mlio mrefu wa sekunde kadhaa. Ukiusikia mlio huo wa onyo, lakini ule mfupi wa kuthibitisha husikii, baza ni nzima na kilichozimwa ni mpangilio tu. Usipousikia wowote, baza imezimwa kabisa, imekufa, au haipo.

Baza hii kwa kawaida hukaa sehemu ya mbele, chini ya boneti au nyuma ya bampa. Maji ya presha ya kosha gari na matope ya masika huingia humo. Dalili yake ni mlio unaokwaruza au unaosikika asubuhi kavu na kupotea siku ya mvua. Chomoa soketi yake uangalie kutu ya kijani kwenye pini kabla ya kununua nyingine. Ukilazimika kununua, chukua ya mtumba kutoka gari la aina ileile na uilinganishe kwa namba iliyochapwa kwenye mgongo wake.

Njia ya kwanza: mipangilio ya gari lenyewe

Hii haina gharama wala waya wa kukatwa, na mara nyingi huisha kwa dakika tano. Tatizo ni kwamba kila kampuni ina mlango wake wa kuingilia.

Mazda wameiweka kwenye ufunguo wenyewe. Kwenye Mazda nyingi zenye ufunguo janja, kama Axela, Atenza na CX-5, utaratibu ni huu: zima gari, funga milango yote pamoja na buti, kisha fungua mlango wa dereva. Ndani ya sekunde 30 tangu uufungue, bonyeza na kushikilia kitufe cha kufunga kwenye ufunguo kwa sekunde 5 au zaidi. Gari litalia kwa kiwango cha sauti kilichopo sasa. Kila ukibonyeza tena kitufe hichohicho, kiwango kinabadilika, na kimojawapo ni kimya kabisa. Ukifika unapopataka, funga mlango wa dereva, au acha bila kugusa chochote kwa sekunde kama 10, na mpangilio utahifadhiwa. Wanaoshindwa kwa kawaida wamechelewa zile sekunde 30, au kuna mlango mwingine ambao haujabana sawasawa.

Honda zenye skrini ya katikati ya mita huwa na kipengele cha sauti ya ufunguo janja ndani ya menyu ya kubinafsisha gari, na nyingi zinakupa viwango vya sauti, si kuwasha na kuzima tu. Subaru za miaka ya karibuni nazo wameiweka kwenye skrini, chini ya mipangilio ya gari. Toyota mpya zina menyu kama hiyo, ila za miaka ya nyuma, ambazo ndizo zimejaa barabarani kwetu, hazina. Kitabu chake humwelekeza mwenye gari kwa wakala.

Kwa wasomaji walio Marekani, Nissan nyingi za soko lile hutumia honi badala ya baza. Shikilia vitufe vya kufunga na kufungua kwa pamoja kwa zaidi ya sekunde 2. Hazadi (indiketa zote kwa pamoja) zikimulika mara tatu, mlio wa honi umezimwa. Zikimulika mara moja na honi ikalia, umewashwa. Usiuhamishe ujanja huu kwenye Toyota. Pale kushikilia vitufe viwili mara nyingi hubadilisha milango ipi inafunguka kwa bonyezo la kwanza, na mtu hujikuta abiria wake hawafunguliwi mlango bila yeye kujua kilichotokea.

Kikwazo kikubwa cha magari ya mtumba ni lugha. Skrini imejaa Kijapani na mwenye gari anaogopa kugusa. Elekeza kamera ya simu kwenye skrini kwa programu ya kutafsiri, soma kila mstari kabla ya kubonyeza, na piga picha kila ukurasa ulivyokuwa mwanzo.

Njia ya pili: programu kupitia soketi ya OBD2

Hapa ndipo Toyota nyingi za ufunguo janja zinapopata dawa. Soketi ya OBD2 iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Unaweza kutumia adapta ya bluetooth na programu ya simu kama Carista, au kompyuta yenye Techstream, programu ya Toyota wenyewe, kwa kebo inayofahamika kama Mini VCI.

Kwenye Techstream unachotafuta ni ukurasa wa mipangilio ya mteja, upande wa ufunguo wa rimoti. Huko kuna vipengele vitatu ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni mmuliko wa hazadi, cha pili ni mlio wenyewe, kuwashwa au kuzimwa, na cha tatu ni ukubwa wa mlio. Kwenye Toyota nyingi ukubwa huanzia 0 hadi 7, na kiwandani huwekwa 5. Gari ambalo mwenyewe analalamika kwamba "lina mlio wa mbali" huenda ukubwa wake uliwekwa chini, kama 2 au 3, na mwenye gari wa kwanza. Tunashauri 5 kwa matumizi ya kila siku na 7 kwa anayeegesha sokoni au stendi. Ukiwasha mlio huku ukubwa ukiwa 0, hutasikia kitu, na utaamini kazi imeshindikana.

Volkswagen na ndugu zake hutumia programu za VCDS au OBDeleven. Kwenye Golf ya kizazi cha 7 na magari yaliyojengwa juu ya msingi uleule, unaingia moduli namba 09 ya umeme wa kati, unatoa namba ya usalama 31347, kisha unakwenda kwenye marekebisho na kutafuta vipengele vya majibu ya sauti: kimoja cha kufunga, kingine cha kufungua, na kingine cha kuruhusu mfumo mzima. Usipowasha hicho cha mwisho, vile viwili havina maana. BMW hufanywa kwa programu ya BimmerCode. Katika familia hizi mbili sauti kwa kawaida hutoka kwenye king'ora cha alamu ya kiwandani. Kama gari lilinunuliwa bila alamu, utaweka alama kwenye kila kisanduku na gari litabaki kimya. Angalia kwanza kama taa ndogo nyekundu humeta mlangoni au chini ya kioo cha ndani baada ya kufunga, na uthibitishe kwenye orodha ya vifaa vya gari.

Mambo matatu huharibu kazi hii. Kwanza ni adapta bandia za ELM327 (chipu iliyomo ndani ya adapta nyingi za OBD2). Zile za bei ya chini sana mara nyingi husoma makosa ya injini vizuri, lakini hukwama zinapotakiwa kuandika kwenye kompyuta ya bodi, ile inayosimamia milango na taa, kwa sababu amri kadhaa hazimo ndani yake. Nunua adapta ambayo wenye programu wenyewe wameitaja kuwa inafaa. La pili ni betri dhaifu. Swichi ikiwa imewashwa na injini haiungurumi, volti hushuka haraka, na kuandika mpangilio ilhali volti zimeshuka chini ya 12 ni kutafuta shida. Chaji betri kwanza. La tatu ni tamaa: ukishaingia mle ndani utaona vipengele kadhaa, na kila kimoja kinavutia. Badilisha kimoja, jaribu, andika thamani ya zamani pembeni, ndipo uende kingine.

Programu nyingi za simu hutoza ada ili kuruhusu kubadilisha mipangilio. Kwa gari moja, lipia muda mfupi, maliza, acha. Techstream inamfaa fundi mwenye magari mengi.

Njia ya tatu: alamu ya dukani

Hii ndiyo inayouzwa zaidi kwenye maduka ya mapambo ya magari: boksi la kudhibiti, rimoti mbili, king'ora cha volti 12, taa ndogo ya kumeta, sensa ya mtikisiko na fungu la waya. Bonyezo la kufunga hutoa mlio mmoja, la kufungua milio miwili. King'ora cha wati 20 hutumia takriban ampea 1.7 kikilia, na sauti yake ni ya kufukuza mwizi. Kwa hiyo mlio wake wa kuthibitisha huwa mkali kuliko unavyouhitaji saa nne usiku karibu na dirisha la jirani. Alamu nyingi zina kitufe cha kufunga kimyakimya. Kitafute kabla ya kununua. Usikubali fundi akuwekee rezista kwenye waya wa king'ora ili kupunguza mlio, maana atakuwa amepunguza na kelele ya kumfukuza mwizi. Kielekeze king'ora chini, mbali na manifoldi ya moshi, na mdomo wake usitazame juu ukakusanya maji.

Ubora wa kazi yote hii uko kwenye waya za kufunga milango. Kuna mifumo mitatu. Magari mengi ya Kijapani hutumia ishara hasi: swichi ya mlango wa dereva hugusisha waya mwembamba kwenye erthi (bodi ya gari, upande hasi wa betri), na kompyuta ya bodi ndiyo inayopeleka umeme kwenye mota. Hapa, kati ya waya sita za milango za boksi, mbili za pamoja huenda erthi, mbili za kutoa ishara huenda kwenye waya wa kufunga na wa kufungua, na zile mbili zilizobaki zinafungwa teipu kila mmoja peke yake. Mfumo wa pili ni wa ishara chanya, mpangilio ni uleule ila za pamoja hupata volti 12 kupitia fyuzi. Wa tatu ni wa kugeuza umeme moja kwa moja kwenye mota, nao hutumia waya zote sita. Fundi asiyepima kwa multimita (kipima umeme) na anayekisia kwa rangi anaweza kupeleka volti 12 kwenye waya uliotarajia erthi, na hapo kompyuta ya bodi ndiyo inayolipa. Rangi za waya za maboksi haya hazifanani kati ya chapa na chapa. Mchoro uliokuja kwenye boksi lako ndio wa kufuata.

Angalia pia muda wa ishara. Maboksi mengi yana chaguo la nusu sekunde na la sekunde 3 hadi 4. Lile refu ni la magari ya zamani yanayofunga kwa hewa, kama Mercedes za miaka ya 1980 na 1990. Ukiliacha refu kwenye gari la mota za umeme, mota zinachemka na kuungua moja baada ya nyingine, na lawama huangukia mota.

Waya wa taa ya ndani, ule unaoiambia alamu mlango uko wazi, mafundi wenye haraka huuruka. Matokeo yake gari hulia "nimefunga" huku mlango wa nyuma ukining'inia. Ukiunganishwa kwenye gari ambalo taa ya ndani hufifia polepole baada ya kufunga, alamu ya bei rahisi hudhani mlango bado uko wazi na kulalamika kila mara. Suluhisho ni kuunga kwenye waya wa swichi ya mlango wenyewe, kabla ya kifaa cha kuchelewesha taa.

Halafu kuna mgongano na ufunguo wa kiwandani. Ukifunga kwa ufunguo janja wa gari, alamu ya dukani haijui, hivyo hakuna mlio wala ulinzi. Ukifunga kwa rimoti ya alamu kisha ukafungua kwa ufunguo janja, king'ora kinalipuka mbele ya watu. Kwa hiyo alamu hii inalifaa zaidi gari la ufunguo wa kawaida kuliko lenye ufunguo janja.

Usisahau betri. Boksi likikaa macho linakula kama miliampea 20. Kwa siku ni ampea-saa 0.48, kwa mwezi zaidi ya 14. Betri ndogo ya NS40 ina kama 35. Gari linaloegeshwa wiki nyingi bila kuwashwa litakukatalia siku unapolihitaji. Na rimoti iwe ya msimbo unaobadilika kila bonyezo. Yenye msimbo mmoja usiobadilika hunakiliwa kwa kifaa kidogo tu.

Njia ya nne: baza kwenye waya wa sentro loki

Hii haizungumzwi sana, na kwa gari la ufunguo wa kawaida lenye rimoti ya kiwandani tunaiona bora kuliko alamu kama shida yako ni mlio peke yake. Wazo lake: kwenye magari mengi ya Kijapani, waya za mota za milango zikitulia zote ziko erthi. Ukifunga, waya wa kufunga hupata volti 12 kwa muda usiofika sekunde, kisha hurudi sifuri. Ukifungua, unaopata umeme ni ule mwingine. Baza ikiungwa kati ya waya wa kufunga na bodi italia wakati wa kufunga tu.

Vifaa: baza ya kujiendesha yenyewe ya volti 3 hadi 24, daiodi ya 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu), rezista ya omu 10 ya nusu wati, kapasita ya mikrofaradi 1000 ya volti 25 (huhifadhi umeme kidogo), rilei ya pini tano ya volti 12 (swichi inayoendeshwa na umeme), fyuzi ya ampea 1 na waya wa milimita mraba 0.75. Kwenye baza kuwa mwangalifu: zipo zisizojiendesha, zinazohitaji ishara ya masafa. Ukiipa hiyo volti 12 itatoa "tiki" moja na kunyamaza.

Mpangilio ni huu: kutoka waya wa kufunga, fyuzi, kisha daiodi ikiwa na mstari wake mweupe upande wa baza, kisha rezista, kisha pini 30 ya rilei. Kutoka pini 87a nenda kwenye chanya ya baza, na hasi yake kwenye bodi. Kapasita iko sambamba na baza, chanya kwa chanya. Pini 86 inapata umeme unaokuja swichi ya gari ikiwashwa, 85 inakwenda erthi. Rilei ipo ili ukiwa umewasha gari, milango ikijifunga yenyewe baada ya kuondoka au abiria akibonyeza, baza isilie.

Kapasita inaongeza urefu wa mlio. Baza inayokula miliampea 20 itapata kama sekunde 0.4 za ziada wakati volti zinashuka kutoka 12 kwenda 4, na mlio unafifia mwishoni. Kapasita lazima ikae upande wa baza, baada ya rilei. Ukiiweka kabla ya rilei itajazwa umeme milango ikijifunga njiani, itabaki nao, na ukizima gari baza italia bila sababu.

Waya utaupata kwenye fungu linaloingia kwenye bodi pembeni mwa miguu ya dereva au ya abiria wa mbele. Kwenye Toyota nyingi waya wa kufunga ni mmoja kwa milango yote, ila kwa kufungua, mlango wa dereva huwa na waya wake, kwa hiyo upande wa kufunga ni rahisi zaidi. Usiunge ndani ya mpira unaopinda kati ya mlango na bodi. Waya hukatika humo. Pima kwa multimita iliyowekwa volti 20 za DC: bonyeza kufunga, namba iruke na kurudi sifuri, bonyeza kufungua, ibaki sifuri. Multimita za bei rahisi huchelewa na kuonyesha 5 au 6 tu kwa sababu umeme umekwisha kabla hazijasoma. Rudia mara kadhaa. Waya zenye soketi au kifuniko cha njano ni za mifuko ya hewa, usizichome wala kuzipima.

Kama gari lako halifuati mpangilio huu, yaani waya unakaa na volti 12 wakati wote au hauonyeshi kitu, acha njia hii. Watu wengine huunga baza kwenye waya wa indiketa ili kukwepa kutafuta. Itafuata kila kona unayokata, na hazadi zikiwaka itakutoa masikio.

Baza za namna hii hutangazwa kwa desibeli 85 hadi 95 zilizopimwa sentimita 10 kutoka kwenye kifaa. Kila umbali ukiongezeka maradufu hupungua desibeli 6, kwa hiyo mita 3 ziko kama 55 hadi 65, sauti ya mtu anayezungumza. Kwenye maegesho ya ofisi inatosha. Kwenye kelele za soko kama Kariakoo au Gikomba haitoshi, na hapo king'ora kinashinda.

Mlio unathibitisha nini hasa?

Hapa ndipo njia hizi zinapotengana, kuliko kwenye bei au ukubwa wa sauti. Baza ya kiwandani hulia baada ya kompyuta ya bodi kuangalia swichi za milango; mlango ukiwa wazi, gari lenye ufunguo janja hukataa na kulalamika. Baza ya njia ya nne inathibitisha kwamba umeme wa kufunga umetoka kwenda kwenye mota. Haijui kama mlango umebana, wala kama mota ya mlango wa nyuma kushoto imekufa. Alamu ya dukani inathibitisha jambo dogo kuliko yote, kwamba boksi limepokea bonyezo lako. Waya wa kufunga ukilegea miezi sita baadaye, king'ora kitaendelea kukuambia gari limefunga. Ndiyo maana mlio mkali kuliko yote kati ya hizi nne ndio unaostahili kukaguliwa mara kwa mara zaidi.

Hakuna hata mmoja unaomzuia mwenye kuvuruga mawimbi. Rimoti za Japani hutumia mawimbi ya karibu megahezi 315, nyingi za Ulaya 433.92, na alamu za dukani moja kati ya hizo mbili. Zote zinavurugika. Faida yako ni kutosikia kitu, na faida hiyo ipo tu kama mlio wako hutoka kila siku bila kukosa.

Nani achukue ipi

Mwenye Mazda, Honda, Subaru au Toyota ya ufunguo janja: menyu kwanza, ikishindikana programu. Usifunge chochote cha dukani juu yake kwa ajili ya mlio. Mwenye Golf au BMW isiyo na alamu ya kiwandani aridhike na mmuliko, au alipie alamu halisi ya gari hilo. King'ora cha dukani kwenye gari la Ulaya lenye kompyuta nyingi huzaa makosa ya umeme yasiyoisha.

Vitz, Probox, Hiace au Noah ya ufunguo wa kawaida yenye rimoti ya kiwandani: baza, kama unaegesha penye utulivu na mali yako iko salama kiasi. Gari lisilo na rimoti kabisa, au linalolala barabarani, ndilo la alamu, kwa fundi anayepima kabla ya kukata. Gari la abiria au la mizigo linalofunguliwa mara 50 kwa siku lisiwekewe mlio wa kufungua hata kidogo. Acha wa kufunga pekee, dereva asije akaanza kuupuuza.

Ukishamaliza, lolote ulilochagua, fanya jaribio hili kabla fundi hajaondoka. Funga kila kitu, bonyeza, usikie mlio, kisha vuta mikono ya milango yote na buti, ukimpa mtu mwingine ufunguo janja asogee nao mbali ili gari lisikufungulie. Acha mlango mmoja wazi, bonyeza tena, uone gari linasemaje. Washa gari, endesha hadi milango ijifunge yenyewe kama ina tabia hiyo, uhakikishe pako kimya. Mwisho mwagia maji ya ndoo sehemu ya mbele, subiri dakika kumi, ufunge tena. Baza au king'ora kilichowekwa vibaya hujionyesha hapo, wakati pesa ya fundi bado iko mfukoni mwako.